Tiketi ya Watu Watano: Uchambuzi wa Kisa cha Msafara wa Wanafunzi Jijini Berlin

Ukikisimulia kwa kifupi, hiki ni kisa cha faini. Jumamosi moja ya kiangazi, wanafunzi watatu walikutwa kwenye treni ya chini ya ardhi jijini Berlin bila tiketi, wakatozwa euro 60 kila mmoja. Ndivyo kilivyoandikwa kwenye ripoti ya kozi, mistari miwili tu, kikafungwa. Mimi nilikuwemo kwenye msafara huo kama msindikizaji wa pili, na naona mistari miwili haitoshi, kwa sababu wale watatu tiketi walikuwa nayo. Ilikuwa imelipiwa, imegongwa muhuri asubuhi hiyo hiyo, na muda wake ulikuwa bado mwingi. Ila wakati mkaguzi anawauliza, tiketi ilikuwa juu ya paa la bunge la Ujerumani.

Wanafunzi walikuwa 22, wa vyuo vikuu vya Tanzania, Kenya, Rwanda na mashariki ya Kongo. Walikuja kwa kozi ya kiangazi katika mji mwingine wa Ujerumani, na wikiendi moja ikatengwa kwa ajili ya Berlin. Kiongozi wa msafara alikuwa mtu wa ofisi ya kozi, Mjerumani makini na mpole, ambaye jiji hilo analijua vizuri. Mimi niliombwa niongozane nao kwa kuwa naishi huku na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wengi wao. Jumla tulikuwa watu 24.

Programu ya Jumamosi ilikuwa hivi: Alexanderplatz na mnara wake wa televisheni wenye urefu wa mita 368, Kisiwa cha Makumbusho, barabara ya Unter den Linden kwa miguu, Lango la Brandenburg, kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa, kuba la Reichstag (jengo la bunge), Checkpoint Charlie (kilichokuwa kivuko cha Ukuta wa Berlin), kisha kipande kirefu cha Ukuta huo kule East Side Gallery. Sina ugomvi na hata kimoja kati ya hivyo. Anayekwenda Berlin bila kuona mahali ulipopita Ukuta, uliojengwa Agosti 1961 na kufunguliwa Novemba 1989, amekwenda kununua chokoleti. Ugomvi wangu ni kwamba programu ile ilikuwa na saa ya kufika na saa ya kuondoka kwa kila kituo, lakini haikuwa na mahali popote pa mtu kuuliza jambo.

Sasa tiketi. Msafiri wa mara moja Berlin hukata tiketi yake binafsi, lakini kwa kundi kuna nafuu: tiketi moja ya saa 24 inayobeba hadi watu watano. Ni karatasi moja isiyo na jina la mtu. Unaichomeka kwenye kisanduku cha kugonga muhuri pale jukwaani, na tangu dakika hiyo watu watano wanasafiri kwa karatasi hiyo. Kwa watu 24 zinatosha tiketi tano, na bei yake ni ndogo sana kuliko kumkatia kila mtu ya kwake. Ofisi yoyote yenye bajeti ingefanya hivyo. Kiongozi alizigawa asubuhi palepale jukwaani, kwa kufuata jinsi watu walivyokuwa wamesimama: wewe na wewe na nyie watatu, shikeni hii. Hakuna aliyeandika nani yuko na nani.

Na kulikuwa na karatasi nyingine. Kupanda kwenye kuba la Reichstag ni bure, lakini lazima ujiandikishe mapema: majina kamili na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtu hutumwa kabla, na siku yenyewe kila mmoja aonyeshe pasipoti au kitambulisho chake halisi. Ofisi ilituma orodha wiki kadhaa kabla, imepangwa kwa alfabeti, haina kosa hata la herufi. Yaani kundi lile lile lilikuwa limegawanywa mara mbili, kwa njia mbili zisizofahamiana: mara moja kwa watano watano kwa ajili ya treni, mara ya pili kwa mtu mmoja mmoja kwa ajili ya mlango wa bunge. Kila mgawanyo peke yake ulikuwa sawa kabisa.

Swali la Pariser Platz

Hadi saa tano na nusu tulikuwa tumechelewa kidogo, si vibaya. Tukasimama Pariser Platz mbele ya Lango la Brandenburg na kiongozi akaeleza vizuri: kazi ya mbunifu Carl Gotthard Langhans, iliyojengwa kati ya 1788 na 1791, na juu yake gari la farasi wanne linaloendeshwa na mungu wa kike. Akasimulia jinsi Napoleon alivyoingia Berlin mwaka 1806, akaamuru farasi wale washushwe na kupelekwa Paris, na jinsi walivyorudishwa mwaka 1814 baada ya yeye kushindwa. Kijana mmoja wa Nachingwea, mkoani Lindi, akacheka peke yake. Nikamtazama, akasema, "Hamna kitu, Mwalimu." Nilikuja kujua kesho yake alichokuwa akichekea.

Ndipo mwenzake wa Bukavu akanyoosha mkono. "Mwalimu, ile mkutano ya kugawanya Afrika, ilifanyikaka wapi?"

Kiongozi akatazama saa. Akasema ni swali zuri sana, tutalizungumza jioni.

Mkutano ule ulifanyika katika ikulu ya kansela, Wilhelmstraße namba 77, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mtaa wa Wilhelmstraße unapita ubavuni mwa uwanja huo huo tuliokuwa tumesimama. Jengo lenyewe halipo tena, lakini mbele ya namba 92 kuna bango la maelezo, na kutoka Langoni unafika kwa miguu bila hata kutoka jasho. Wajumbe wa mataifa ya Ulaya, Marekani na dola la Uthmaniya walikaa pale majira yote ya baridi. Hakuna Mwafrika aliyekaa mezani, na Sultani wa Zanzibar hakualikwa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji alitoka na Kongo mkononi. Na siku moja tu baada ya mkutano kufungwa, tarehe 27 Februari, Kaiser wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Mjerumani Carl Peters, kwa mikataba ambayo Peters alikuwa ameikusanya Usagara, Nguru, Useguha na Ukami miezi michache kabla. Kwa mwanafunzi wa Bukavu na mwenzake wa Nachingwea, ramani za nyumbani kwao zilichorwa kwenye mtaa ule. Programu ilikuwa na dakika 40 za Checkpoint Charlie, ambako kibanda cha askari unachopiga nacho picha ni nakala, kwa sababu kile cha kweli kiliondolewa mwaka 1990.

Simlaumu kiongozi kwa kutazama saa. Miadi ya bunge ilikuwa saa sita na robo, na ukichelewa unapoteza nafasi. Lakini naamini msafara ulipasuka pale, ingawa kwa macho bado tulikuwa 24.

Mlangoni

Penye ukaguzi wa usalama mbele ya Reichstag ikabainika kuwa wawili hawana pasipoti. Dada wa Mombasa alikuwa ameiacha hosteli kwa makusudi, kwa kuwa usiku uliotangulia tulionywa sana kuhusu wezi wa mifukoni. Wa Nachingwea aliisahau kwenye begi kubwa. Wote wawili walikuwa na picha za pasipoti kwenye simu. Askari akawaeleza kwa adabu kwamba picha haikubaliki. Wa Bukavu, ambaye pasipoti yake ilikuwa mkononi, akatoka kwenye foleni. Akasema hawezi kuwaacha wenzake.

Wote watatu walikuwa wa tiketi moja. Mshika tiketi wao alikuwa dada wa Kigali, wa nne kwenye kundi hilo, naye alikuwa ameshavuka mashine ya ukaguzi. Hakuna aliyemfikiria. Unapokuwa umesimama mlangoni mwa bunge hufikirii habari za treni.

Kiongozi aliwaambia: subirini hapa hapa, tunatoka saa saba na nusu. "Hapa hapa" maana yake ni Platz der Republik, uwanja mpana wa majani usio na paa, na mawingu yalikuwa yameshashuka. Agizo la kumsimamisha mtu mzima kwenye mvua kwa zaidi ya saa nzima haliwezi kutekelezwa, na anayelitoa angekaa chini kidogo angeliona hilo. Walikaa dakika kumi. Kisha wa Bukavu akafungua ramani kwenye simu, akaandika jina la mtaa, na wakaondoka. Waliandika ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: "Tunaenda Wilhelmstr tutakutana Checkpoint Charlie saa 8." Sisi tulikuwa tunapanda ile njia inayozunguka ndani ya kuba la Norman Foster, lililofunguliwa mwaka 1999, tukishangaa ile koni ya vioo 360 inayopeleka mwanga chini kwenye ukumbi wa wabunge. Simu zilikuwa zinapiga picha. Ujumbe ulisomwa saa saba na dakika arobaini.

Walilipata bango. Waliniambia baadaye kwamba walisimama pale muda mrefu kuliko walivyotarajia, wa Bukavu akisoma kwa sauti, mwavuli mmoja kwa watu watatu. Kutoka hapo hadi Checkpoint Charlie ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Lakini mvua ilikuwa imeongezeka, saa nane inakaribia, na kituo cha treni kilikuwa kinaonekana. Wakapanda treni ya njia ya U2, kituo kimoja hadi Stadtmitte, wakabadilisha kuingia U6, kituo kimoja hadi Kochstraße. Berlin haina vizuizi vya kuingilia kwenye vituo. Unashuka ngazi na kupanda treni, na uaminifu wako unapimwa ukiwa ndani. Milango ilipofunga pale Stadtmitte, wanaume wawili waliovaa kama abiria wengine wakatoa vitambulisho vyao.

Dada wa Mombasa ndiye aliyeongea. Aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba tiketi ipo, anayo mwenzao. Mkaguzi akauliza mwenzao yuko wapi. Alipojibu, mkaguzi akatabasamu, si kwa ubaya, akatoa kifaa chake na kuanza kuandika. Katika kituo cha Kochstraße tuliwakuta wamekaa kwenye benchi, kila mmoja na karatasi yake, na wa Nachingwea anapiga hesabu ya 180 mara bei ya euro. Ilikuja kama shilingi laki tano za Kitanzania.

Kosa liko wapi

Jioni hosteli palikuwa na kikao, na hoja zilikuwa tatu.

Kiongozi alisema: waliambiwa wasubiri, hawakusubiri. Ni watu wazima wenye miaka zaidi ya 20, kila mmoja anajua treni inahitaji tiketi. Hii ni hoja ya ripoti, na kisheria haina tundu. Mkaguzi alifanya kazi yake. Tiketi ya kundi inawabeba watu walio pamoja, wala si watu wanaofahamiana.

Wanafunzi wengi walisema kinyume: programu ndiyo iliyoleta yote. Ingewezekana kupanga kuba usiku, kwa kuwa kuba hupokea wageni hadi usiku, na mtu asiye na pasipoti angekuwa anapumzika hosteli badala ya kunyeshewa. Hoja hii naipenda zaidi, lakini inasamehe kupita kiasi. Kulikuwa na ujumbe wa WhatsApp juma zima ukisema "Jumamosi pasipoti", na chini yake vidole gumba 19.

Hoja ya tatu ilitoka kwa yule dada wa Kigali mshika tiketi, ambaye muda wote alikuwa amenyamaza kama mwenye hatia, wakati hakuwa nayo hata kidogo. Alisema hakuna aliyemwambia kuwa karatasi ile ni ya watu, yeye alidhani ni ya safari. Nadhani hapo ndipo penyewe. Tiketi ya watu watano si nafuu ya bei peke yake. Ukiikubali, umekubali kwamba watano hao ni kitu kimoja kwa saa 24: wakiingia mlangoni waingie wote, wakibaki wabaki wote, na karatasi ibaki na walio wengi au walio nje. Mlango wowote unaomchuja mtu mmoja mmoja, kama ule wa Reichstag, unaivunja tiketi hiyo papo hapo, hata kama hakuna aliyepotea wala kukaidi. Ofisi ilinunua nafuu ya watu watano, kisha ikapanga siku ya mtu mmoja mmoja. Ingetosha mtu kusema pale foleni, "Tiketi ya nne, mpeni aliye nje." Sentensi moja. Lakini ili mtu aiseme, lazima awe anajua tiketi ya nne ni ya kina nani, na jukwaani asubuhi hakuna aliyeandika.

Kuhusu lile swali la Bukavu, kiongozi hakukubaliana nami, na bado hakubali. Anasema wangeondoka tu, mvua ni mvua. Mimi nasema mvua ingewapeleka chini ya mti au kwenye mgahawa wa karibu. Iliyowapeleka Wilhelmstraße ni kiu iliyoahirishwa. Kijana alikuwa ameuliza mahali pa kitu kilichomtengenezea nchi, akaambiwa jioni, na jioni kwa kweli tusingekizungumza: programu ilisema "chakula, muda huru". Mtu asiyepewa jibu na msafara hulitafuta nje ya msafara. Ningekuwa na miaka yake, nami ningekwenda.

Hela

Mtu wa Afrika Mashariki akisikia 180 gawa kwa 22 hahitaji kikokotoo kusema: mchango. Kila mtu euro nane na senti, yamekwisha. Kofia ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Dada wa Mombasa akaikataa. "Kwani kuna matanga hapa?" Alitaka ijulikane nani analipa kwa sababu gani, na heshima yake niliiona kubwa, kwa sababu angekubali mchango suala lingekufa usiku ule ule na tiketi zingegawanywa vile vile kesho.

Tuliuliza pia kama ingesaidia kuipeleka ile tiketi ofisi ya huduma kwa wateja. Mwenye tiketi ya muda yenye jina lake, aliyeisahau nyumbani, anaweza kuionyesha baadaye na kulipa kiasi kidogo tu. Tiketi ya kundi haina jina, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha kwamba ilikuwa yako. Mlango huo ukafungwa.

Mwishowe kiongozi alipendekeza jambo la busara. Jumapili asubuhi kulikuwa na safari ya boti kwenye mto Spree, fedha imetengwa lakini tiketi hazijanunuliwa. Fedha hiyo ilipe nusu ya faini; nusu nyingine walipe wale watatu. Walipiga kura kwa mikono na ikapita. Ilimaanisha kwamba kundi zima limelipa bila kuitwa mchango, na kwamba asubuhi ya Jumapili haina kitu.

Jumapili, U6

Ndipo wa Nachingwea akaeleza alichokuwa akichekea Langoni. "Farasi wa watu wamekaa Paris miaka minane wakarudishwa. Yule mnyama wetu yuko hapa tangu kabla ya vita ya kwanza." Nusu ya chumba hawakumwelewa. Wa Tanzania walimwelewa.

Katika Jumba la Makumbusho ya Elimu ya Viumbe la Berlin, ukumbi wa kwanza, kimesimama kiunzi cha mifupa ya dinosaria chenye urefu wa mita 13.27. Kilichimbwa Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, katika msafara wa kisayansi wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913. Makumbusho mengi ya Berlin hufungwa Jumatatu. Jumapili hili liko wazi. Na kituo chake kiko kwenye njia ya U6, njia ile ile ya faini. Nilipotazama ramani nikaona ukiendelea na U6 hiyo hiyo kaskazini unafika Rehberge na Afrikanische Straße, kwenye mitaa yenye majina ya Afrika. Nikapendekeza: njia moja, vituo viwili, hakuna kubadilisha treni. Nilitamani kuongeza Brunnenstraße 193, ambako kuna jiwe dogo la shaba njiani la kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejulikana huku kama Bayume Mohamed Husen, aliyefundisha Kiswahili Berlin na kufa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944. Ila huko ni njia nyingine, nikakuacha.

Tiketi za Jumamosi zilikuwa zimekwisha muda, kwa hiyo tano mpya. Safari hii walijigawa wenyewe, wakaandika majina ya watano nyuma ya karatasi ya programu, na kanuni ikawa moja: mshika tiketi ndiye wa mwisho kuingia popote.

Mbele ya kiunzi kile walinyamaza, kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Shingo inaanzia pale ambapo twiga angekuwa amekwisha zamani. Kuna darubini za pembeni. Ukichungulia, mifupa inavikwa nyama na ngozi na mnyama anatembea. Foleni ya darubini ilikuwa ya watoto wa Kijerumani, na wanafunzi wetu wakapanga mstari nyuma yao bila aibu.

Hapa nilieleza ninachokijua. Mifupa iliyoletwa ilizidi tani 200, na kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi ilibebwa na watu, vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, safari baada ya safari kwa misimu minne. Kazi ilianza miaka miwili tu baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, katika nchi ile ile ambayo vita na njaa viliifuta vijiji vyake. Mwanasayansi Werner Janensch alimpa mnyama jina mwaka 1914, kwa heshima ya mkurugenzi wa makumbusho, Branca. Leo anaitwa Giraffatitan brancai. Kiunzi kilisimamishwa ukumbini mwaka 1937. Msimamizi wa uchimbaji kule kilimani alikuwa Boheti bin Amrani, fundi aliyezijua tabaka za mawe vizuri. Yeye alipata dinosaria wa jina lake, Australodocus bohetii, mwaka 2007.

Mjadala ulioibuka ulikuwa bora kuliko wowote niliousikia wiki zile. Wa Nachingwea alitaka arudi, na arudi Lindi, si Dar. Dada wa Nairobi anayesoma usanifu majengo akamuuliza jengo la kumweka liko wapi, na nani atalipa umeme wa kudhibiti unyevu. Akajibu kwamba Napoleon naye hakuulizwa kama Berlin ina paa. Mwingine akasema abaki, ila kila tiketi inayokatwa mlangoni senti kadhaa ziende Lindi. Kiongozi wetu alisimama kando akisikiliza, hakutazama saa. Tulikaa pale hadi saa saba na programu haikufa.

Kisha U6 tena, hadi Rehberge. Mitaa yenyewe ni ya nyumba za kawaida za ghorofa, miti, baiskeli, watu wakitoka kununua mikate. Ghafla nguzo ya kibao inasema Sansibarstraße, nyingine Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Dada wa Kigali akakuta Mohasistraße na kukaa dakika nzima kabla ya kugundua kuwa ni Muhazi, ziwa analopita akienda kwa bibi yake. Majina ya mwanzo yaliwekwa mwaka 1899, enzi za fahari ya makoloni. Mwaka 1939, chini ya Wanazi, barabara moja ilipewa jina la Carl Peters. Mwaka 1986, badala ya kuibadilisha, wakuu wa Berlin Magharibi walitangaza kwamba sasa inamkumbuka Peters mwingine, mwanasiasa wa jiji. Ujanja huo ulidumu hadi Agosti 2024, barabara ilipogawanywa vipande viwili: kimoja Anna-Mungunda-Allee, kwa jina la mwanamke shujaa wa Namibia, kingine Maji-Maji-Allee.

Walipiga picha chini ya kibao hicho, mmoja mmoja, kisha watano watano. Wa Nachingwea alitaka kujua kama kuna aliyeomba radhi. Nikamwambia Rais Steinmeier alikwenda Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Akasema, "Songea. Siyo Lindi?" na akaendelea kupiga picha.

Wakaguzi waliingia tukiwa kwenye treni ya kurudi. Dada wa Mombasa alitoa tiketi kabla hajaulizwa, akahesabu wenzake kwa kidole: mmoja, wawili, watatu, wanne, na mimi.

Baada ya hapo

Kwa kikundi cha mwaka unaofuata kiongozi amenitumia rasimu ya programu ili niisome. Tiketi zinagawanywa siku moja kabla, majina yanaandikwa, na orodha ya bunge imepangwa kwa vikundi hivyo hivyo vya watano. Kuba limehamia saa mbili usiku. Wilhelmstraße imo, dakika 30, na mbele yake ameandika "maswali". Jumapili yote ni U6. Nilimjibu kwamba niko tayari kusindikiza tena, na nikamuuliza kwa nini Checkpoint Charlie bado imo kwa dakika 40. Amesema tutalizungumza.